Usikate Stempu: Mwongozo wa Kusoma na Kutunza Barua za Zamani za Zanzibar

Katika familia nyingi zenye asili ya Unguja na Pemba kuna sanduku au mkoba wa barua za wazee ambazo hakuna aliyezifungua kwa miaka mingi. Nyingine ziko Dar es Salaam, Mombasa na Moroni, nyingine zilivuka hadi Muscat, Dubai na London pamoja na wenyewe. Ikiwa mkoba wa namna hiyo umefika mikononi mwako, mwongozo huu ni wako. Huhitaji kuwa mkusanyaji stempu. Unahitaji mwanga wa kutosha, kioo cha kukuzia, penseli, daftari na subira. Mkasi uweke mbali.

Kinachoharibu barua hizi kuliko mende na mchwa ni tabia ya kukata stempu kwenye bahasha, kuibandua kwa maji, kisha kuitupa bahasha. Stempu peke yake inakuambia ni serikali gani iliyoiuza. Muhuri unakuambia barua ilipita wapi na lini. Anwani inakuambia nani alimwandikia nani, na alama za nyuma zinakuambia ilisafiri kwa njia gani. Ukizitenganisha, kila kimoja kinabaki na robo ya habari, na thamani yake inashuka, iwe ya fedha au ya historia.

Zanzibar inadai uangalifu huu kuliko nchi nyingi. Katika muda wa miaka 100 hivi, visiwa hivi vidogo vilihudumiwa na posta ya India, ya Ufaransa, ya Ujerumani, ya serikali ya Sultani chini ya ulinzi wa Waingereza, na ya Jamhuri. Vilibadili fedha mara mbili. Yote hayo yameandikwa kwenye bahasha, kwa anayejua pa kutazama.

Hatua ya 1: Kabla ya kugusa chochote

Nawa mikono na uikaushe vizuri. Tandaza karatasi nyeupe juu ya meza kavu, mbali na chai, feni na dirisha lenye jua. Piga picha ya mkoba kama ulivyoukuta, kisha toa barua moja moja kwa mpangilio uleule. Ikiwa barua zilifungwa pamoja kwa uzi, ziendelee kukaa pamoja, kwa sababu aliyezifunga huenda alikuwa na sababu: ni za mwaka mmoja, za mtu mmoja, au za kesi moja ya shamba.

Piga picha ya mbele na nyuma ya kila bahasha. Barua iliyomo ndani usiitenganishe na bahasha yake. Ondoa pini na vibanio vya chuma taratibu, maana vimeshika kutu, na kutu hula karatasi. Barua iliyojikunja usiipige pasi. Iache ifunguke yenyewe chini ya uzito mwepesi kwa siku kadhaa.

Hatua ya 2: Anza na muhuri

Wengi hukimbilia stempu. Wewe anza na muhuri wa posta, kwa sababu ndio unaobeba jina la ofisi na tarehe. Uinamishe bahasha kidogo kwenye mwanga wa pembeni, na wino uliofifia utaonekana vizuri zaidi. Andika unachokiona hata kama ni herufi tatu tu.

Kanuni ni hii: stempu ya kigeni huwa ya Zanzibar pale tu muhuri unaposema hivyo. Stempu ya India yenye kichwa cha Malkia Victoria na muhuri wa Bombay ni ya India. Stempu hiyohiyo ikiwa na muhuri wa Zanzibar ni ushahidi wa posta ya kwanza ya visiwa hivi. Ikibanduliwa kwenye bahasha, na muhuri ukabaki nusu, ushahidi umepotea.

Tazama pia kama muhuri ni wa mjini Unguja au wa Pemba. Mihuri ya Chake Chake, Wete na Mkoani huonekana mara chache kuliko ya mjini, na majina hayo wakati mwingine yaliandikwa kwa tahajia za kikoloni ambazo leo tunaziona ngeni. Ukikuta muhuri wa Pemba, weka barua hiyo peke yake na uiandikie maelezo marefu zaidi.

Hatua ya 3: Itambue serikali iliyouza stempu

Ukiona stempu ya India isiyo na chapa ya juu. Posta ya India ilifunguliwa Zanzibar mwaka 1868 kwenye ubalozi mdogo wa Uingereza, kwa juhudi za Daktari John Kirk. Ilifungwa mwaka 1869 kwa sababu serikali ya India haikutaka kubeba gharama. Ilifunguliwa tena mwaka 1875 na kuendelea hadi Novemba 1895. Kwamba posta ya mji wa Sultani iliendeshwa kutoka India halikuwa jambo la ajabu wakati huo: ubalozi wenyewe uliegemea Bombay, wafanyabiashara wakubwa wengi walikuwa Wahindi, na rupia ilikuwa ikizunguka sokoni. Barua ya miaka hiyo yenye anwani ya Kigujarati au ya hati ya Kiarabu ni ya kawaida. Barua ya kabla ya 1868 haitakuwa na stempu ya hapa kabisa. Ilikabidhiwa kwa nahodha wa jahazi au wa meli ya biashara, ikasubiri upepo wa kaskazi au kusi.

Ukiona stempu ya Ufaransa. Wafaransa walifungua posta yao mjini mwaka 1889 na kuifunga mwaka 1904. Stempu zao zilipigwa chapa ya bei kwa ana, na baadaye zikapigwa jina la Zanzibar. Mwaka 1897, walipoishiwa na baadhi ya bei, walichapa stempu za dharura hata kwenye nafasi tupu za karatasi za stempu. Hizo ni adimu sana, na zimeghushiwa sana.

Ukiona stempu ya Ujerumani. Wakala wa posta ya Ujerumani ulifanya kazi Zanzibar kuanzia Agosti 1890 hadi Julai 1891 tu. Stempu zilikuwa za Ujerumani kwenyewe, bila chapa ya Zanzibar, kwa hiyo muhuri ndio shahidi pekee. Lamu nako Wajerumani walikuwa na posta yao tangu 1888 hadi 1891. Ukipata bahasha moja ya aina hii katika mkoba wa familia, simamisha kazi na utafute mtaalamu.

Ukiona stempu ya India iliyopigwa neno Zanzibar. Umefika Novemba 1895, posta ilipotoka mikononi mwa India. Stempu mpya zilikuwa bado hazijafika, basi zile za India zikapigwa chapa ya juu papa hapa, kwenye mtambo wa gazeti la serikali. Wapangaji herufi walifanya kazi kwa haraka, na makosa yakapita: zipo zinazosomeka Zanzidar, zipo zinazosomeka Zanizbar. Mwaka 1896 stempu za Afrika Mashariki ya Uingereza nazo zilipigwa chapa hiyohiyo.

Ukiona sura ya Sultani. Stempu za kwanza zilizochorwa kwa ajili ya Zanzibar zilikuwa na sura ya Seyyid Hamed bin Thuwaini. Zilitoka Septemba 1896. Yeye mwenyewe alikuwa amefariki tarehe 25 Agosti mwaka huohuo, na siku mbili baadaye Waingereza wakalipiga kasri kwa mizinga katika vita vilivyokwisha kwa chini ya saa moja. Kwa hiyo bahasha yenye sura ya Seyyid Hamed ilitumwa chini ya utawala wa mrithi wake, Seyyid Hamoud bin Mohammed, ambaye sura yake ilitoka mwaka 1899. Baada yake utaona alama ya jina la Seyyid Ali bin Hamoud mwaka 1904 na sura yake mwaka 1908. Seyyid Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960, alianza kuonekana mwaka 1913, na kwa kuwa alikaa muda mrefu, sehemu kubwa ya barua za familia zina sura yake. Seyyid Abdulla bin Khalifa anaonekana kuanzia 1961.

Katika zama za Seyyid Khalifa kuna stempu mbili za kukusaidia kupata tarehe haraka. Moja ni ya mwaka 1944, yenye chombo cha matanga, iliyotolewa kwa miaka 200 ya nasaba ya Al Busaid, nayo ina miaka 1744 na 1944 juu yake. Nyingine ni mfululizo wa 1957, ambao ulileta picha za karafuu, Msikiti wa Dimbani na Kasri la Kibweni.

Ukiona neno JAMHURI. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964. Posta haikuweza kuendelea kuuza sura ya Sultani, wala haikuwa na stempu nyingine. Ndani ya siku chache, katikati ya Januari, stempu zilizokuwapo zilianza kupigwa kwa mkono muhuri wa JAMHURI 1964. Mwishoni mwa Februari zikaja zilizopigwa chapa kiwandani. Ya mkono huwa imeinama, imefifia au imevuka ukingo. Ya kiwandani imenyooka. Mfululizo mpya wa Jamhuri ulitoka baadaye mwaka huohuo.

Ukiona stempu ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania kwenye barua iliyotumwa Zanzibar. Ni ya kuanzia 1968. Muungano ulifanyika tarehe 26 Aprili 1964, lakini Zanzibar iliendelea kuwa na stempu zake hadi mwisho wa 1967. Tarehe 1 Januari 1968 ndipo stempu za Afrika Mashariki zilipochukua nafasi.

Hatua ya 4: Isome fedha

Kama muhuri haukusomeka, bei iliyoandikwa kwenye stempu itakusaidia. Mpaka mwaka 1908 hesabu ilikuwa kwa rupia na ana, na rupia moja ilikuwa na ana 16. Kuanzia 1908 rupia iligawanywa kwa senti 100. Tarehe 1 Januari 1936 Zanzibar iliacha rupia na kuingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki, kila rupia ikibadilishwa kwa shilingi moja na nusu.

Hapa kuna mtego. Senti ya kabla ya 1936 ni ya rupia, na senti ya baada yake ni ya shilingi, na zote zina sura ya Seyyid Khalifa. Senti 10 ya mwaka 1930 ilinunua zaidi kuliko senti 10 ya mwaka 1940. Jicho lisilozoea litazichanganya, na ndiyo sababu nyingine ya kuuthamini muhuri.

Utashangaa pia ukikuta stempu za bei kubwa mno, hata rupia 100 na 200. Hakuna barua ya kawaida iliyohitaji kiasi hicho. Nyingi zilibandikwa kwenye hati za mashamba, mikataba na malipo ya serikali. Ikiwa zipo kwenye hati, ziache hapohapo: hati ya shamba la karafuu yenye stempu zake ni rekodi ya ardhi na ya familia kwa pamoja.

Hatua ya 5: Geuza bahasha

Nyuma ya bahasha ndiko iliko safari. Mwaka 1872 kampuni ya meli ya British India ilianza kuleta barua kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar, na tangu hapo barua nyingi za Bombay, Muscat na London zilipitia Aden. Muhuri wenye maneno SEA POST OFFICE unaonyesha kuwa barua ilichambuliwa melini, kwenye njia ya Aden na Bombay. Muhuri wa pembe nane wa Kifaransa unaelekea kuwa wa meli za Messageries Maritimes. Ukiona DEUTSCHE SEEPOST pamoja na jina la Ost-Afrika-Linie, barua ilipanda meli ya Kijerumani.

Tafuta alama nyingine hizi. Herufi R yenye namba ni rejesta: mtumaji alilipa zaidi ili barua isipotee, basi huenda ndani mlikuwa na fedha au hati. Herufi T ni deni: stempu haikutosha na mpokeaji alidaiwa tofauti. Ukanda wa karatasi uliobandikwa ubavuni wenye maneno ya Kiingereza ya mkaguzi unaonyesha kwamba barua ilifunguliwa wakati wa vita.

Mpokeaji mara nyingi aliandika mwenyewe tarehe ya kupokea, kwa Hijria. Mwaka 1313 Hijria, kwa mfano, ulianza Juni 1895 na kumalizika Juni 1896. Kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi, usijumlishe namba ileile kila mara. Tumia jedwali la kubadilishia tarehe. Tarehe ya mpokeaji na muhuri wa posta zikikubaliana, umepata uthibitisho. Zisipokubaliana, andika zote mbili.

Hatua ya 6: Jihadhari na udanganyifu

Stempu za Zanzibar zinazoghushiwa zaidi ni zile ambazo kilichoongezwa ni chapa ndogo tu, kwa sababu kuiga chapa ni rahisi kuliko kuiga stempu nzima. Kwa hiyo tia shaka haya matatu.

Kwanza, chapa za 1895 zenye makosa ya herufi. Kosa ndilo linalopandisha bei, na ndilo linaloigwa.

Pili, JAMHURI 1964 ya mkono. Mtu yeyote mwenye kipande cha mpira na kisu kikali anaweza kuitengeneza. Yenye kuaminika zaidi ni ile iliyo kwenye bahasha iliyosafiri kweli, yenye muhuri uliokanyaga stempu na bahasha kwa pamoja na tarehe inayoingia katika miezi hiyo.

Tatu, stempu za rupia nyingi zenye muhuri safi wa posta. Wapo waliosafisha wino wa hati na kupiga muhuri wa bandia. Itazame kwa kioo: rangi iliyopauka mahali pamoja ni dalili mbaya.

Kipimo kingine ni alama ya maji, yaani mchoro uliomo ndani ya karatasi. Stempu za Zanzibar za tangu 1896 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1910 zina maua ya waridi. Za baadaye zina taji na herufi CA. Kuiona alama hii vizuri kunahitaji stempu isiyobandikwa, basi usibandue kwa ajili hiyo. Mwachie mtaalamu.

Hatua ya 7: Zitunze dhidi ya hewa ya pwani

Unyevu wa masika ndio adui mkubwa. Weka barua chumba cha ndani, kabatini, mbali na sakafu na ukuta wa nje. Tumia bahasha za karatasi isiyo na asidi, au mifuko ya poliesta. Plastiki laini yenye harufu kali hutoa jasho na kuyeyusha wino. Usitie selotepu wala gundi, na usiruhusu mtu yeyote akuuzie huduma ya laminesheni, kwa sababu karatasi iliyofungwa hivyo haifunguki tena. Zikague kila baada ya msimu wa mvua. Ukiona ukungu, itenge barua hiyo na uipunge kwenye hewa kavu, kivulini.

Kwenye daftari ipe kila bahasha namba moja, na uandike mambo sita: tarehe, muhuri, stempu, mtumaji, mpokeaji, na ulikoipata. Namba hiyo iandike kwa penseli kwenye kona ya karatasi ya kuhifadhia, siyo juu ya bahasha. Kama barua imeandikwa kwa hati ya Kiarabu na wewe huisomi, mtafute mzee anayeisoma sasa, umrekodi akiisoma kwa sauti. Wasomaji wa hati hiyo kwa Kiswahili wanapungua kila mwaka.

Hatua ya 8: Kabla ya kuuza au kuonyesha

Barua ina watu wawili, na pengine wajukuu wao wako hai. Utakuta habari za deni, talaka, mirathi na waliotengana mwaka 1964. Zungumza na ndugu kabla ya kurusha picha mitandaoni. Bahasha mara nyingi inaweza kuonyeshwa bila barua iliyomo.

Ukitaka kujua thamani, fahamu kwamba stempu moja moja za miaka ya 1940 na 1950 ni nyingi sana duniani na bei yake ni ndogo. Kinachotafutwa ni bahasha kamili, yenye muhuri unaosomeka na njia isiyo ya kawaida. Uliza watu wawili au watatu wasiohusiana kabla ya kukubali bei. Mnunuzi anayetaka zote kwa mkupuo, leo hii, kwa fedha taslimu, anajua jambo ambalo wewe hujalijua bado.

Na kabla ya kuuza, wasiliana na Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani. Kumbukumbu nyingi za zamani ni za serikali: ripoti, amri na barua za maofisa. Barua ya mama wa Wete kwa mwanawe aliyeko Muscat mara nyingi haimo humo. Iko kwenu. Hata kama familia haiko tayari kutoa barua yenyewe, nakala nzuri ya picha pamoja na maelezo ya daftari lako ni mchango wa kweli.

Kama utafuata jambo moja tu katika haya yote, lifuate hili: iache stempu kwenye bahasha yake. Makosa mengine mengi ya utunzaji yanaweza kurekebishwa baadaye. Bahasha iliyokatwa hairudi kuwa nzima.